Godoro la Nyuma ya Kabati

Ninaandika habari za biashara hapa Nairobi mwaka wa kumi na tatu sasa, na ninyi mnaoanzisha kampuni ndio mnaonitafuta kuliko watu wote. Barua zenu hufanana. Mwanzilishi aliacha kazi nzuri, akauza gari, hulala masaa manne, hajui likizo tangu aanze. Baada ya wiki mbili mnauliza mbona habari yenu haijatoka gazetini. Acheni niwajibu kwa kisa, maana kuna habari moja ya aina hiyo niliyoiandika.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kwenye ofisi ya kampuni changa, ghorofa ya tatu juu ya duka la vipuri. Nyuma ya kabati la printa niliona godoro jembamba limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Mwanzilishi alipoona macho yangu yametua pale, akatabasamu, akasema kuna siku nyumbani haonekani kabisa. Mpiga picha wetu akalipiga. Habari yote niliisuka kuzunguka godoro lile, ikapewa ukurasa mzima. Siku ya tatu nikapata ujumbe kwa simu kutoka kwa kijana aliyekuwa akiwaandikia programu: "Lile godoro ni langu. Nimefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi. Mshahara hatujaona miezi minne."

Sikuwa nimeuliza nani analala pale. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na sababu naijua: mtu akikueleza alivyojinyima, unaona haya kumhoji. Ameuza gari lake, nawe utamwomba daftari la mishahara? Ndiyo maana naogopa habari za kujitolea. Humfunga ripota mdomo.

Marekani walilipia kosa hilo kwa bei kubwa. Elizabeth Holmes aliacha masomo Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 19, akaanzisha Theranos mwaka 2003, akaahidi vipimo vya maradhi chungu nzima kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Mwaka 2014 jarida la Fortune lilimweka kwenye jalada. Wasomaji walisimuliwa nguo zake nyeusi na maisha yake yaliyomezwa na kazi, na kampuni ikakadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9. Oktoba 2015 John Carreyrou wa Wall Street Journal akafichua kwamba sehemu kubwa ya vipimo haikufanywa na mashine za kampuni hiyo zilizosifiwa. Mwaka 2022 Holmes alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Sidhani kama kuna aliyedanganya kuhusu bidii yake. Swali lililochelewa ni kama majibu waliyopewa wagonjwa yalikuwa ya kweli.

Jasho lenu nalithamini, na nimeona wengine likiwatoka. Ila M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kilichowagusa watu ni kwamba aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya pesa za mama kijijini sasa alizituma kwa simu. Nani alikesha ili ifanye kazi, wengi wetu hatukuuliza.

Kujinyima huingia kwenye habari pale kunapoeleza kazi yenyewe. Mwanzilishi mmoja aliniambia alipanda pikapu ya maziwa kule Nyandarua wiki sita mfululizo, saa kumi alfajiri. Hilo niliandika mara moja, kwa sababu ndani ya pikapu hiyo ndimo alimogundua kwamba maziwa yalikuwa yakichachia barabarani yakisubiri lori, ilhali kila mtu alikuwa akilaumu usafi wa wakulima. Baridi aliyoivumilia ilizaa jibu.

Kwa hiyo mkija, njooni na vitu ninavyoweza kukagua. Wateja wangapi walirudi mwezi wa pili? Wangapi hawakurudi, na walisema nini? Kodi mnayowakata wafanyakazi inapaswa kuwa imefika KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, je, ilifika? Pesa za wawekezaji zisiwe habari kuu, hizo bado ni matumaini ya watu wengine. Na kabla ya kuandika "nimejitolea", kaa chini uhesabu wengine waliotoa: mke aliyebeba nyumba peke yake, baba aliyeweka shamba rehani, kijana asiyelipwa. Ukiwataja hao kwa haki yao, hata mimi nitakuamini zaidi.

Halafu nipe namba ya mteja mmoja aliyekukasirikia. Muombe ruhusa kwanza, ila usimfundishe la kuniambia.