Siku mbili Antigua Guatemala zinatosha?

Dada, umeuliza kama siku mbili zinatosha Antigua na kama kupanda Acatenango, mlima wa volkano ulio karibu na mji huo, ni lazima. Kwa mji peke yake zinatosha. Ukitaka mlima, ongeza siku mbili nyingine, na kwa maoni yangu usiukose kama miguu na mapafu yako yako sawa.

Kilele kiko karibu mita 3,976. Watu wengi hulala kambini, kisha humalizia alfajiri. Njia ni ya majivu laini, unapanda huku unarudi nyuma, na usiku baridi inauma kwelikweli. Lakini ukiwa kambini unaiona Fuego, volkano jirani iliyo hai, mbele yako: cheche nyekundu zinaruka kwanza, halafu baada ya sekunde kadhaa ndipo mngurumo unakufikia. Kuisogelea zaidi mimi sishauri hata kidogo. Mlipuko wa Juni 2018 uliangamiza watu wengi vijijini chini yake.

Mjini, usiishie kupiga picha kwenye tao la Santa Catalina. Ingia magofu yaliyo nyuma ya kanisa kuu, usimame chini ya matao yasiyo na paa. Hapo utaelewa kwa nini baada ya tetemeko la 1773 Wahispania waliuhamisha mji mkuu kutoka hapa.

Ukienda Wiki Takatifu, weka nafasi ya chumba mapema sana. Barabara zinatandikwa mazulia ya unga wa mbao uliotiwa rangi, na maandamano yanapita juu yake. Vaa raba, mawe ya barabarani hayana huruma.