Wabunge ni wa nani? Hapo ndipo nguvu zilipo

Ndugu mhariri,

Juma hili mmeuliza: waziri wa kwanza, yaani waziri mkuu, ana nguvu kiasi gani katika demokrasia ya bunge? Mimi nasema nguvu zake ni wale wabunge walio nyuma yake. Wakiwa wake kweli, ni mtu mkubwa kuliko marais wengi. Wakiwa wa mtu mwingine, amekalia kiti cha kuazima.

Tarehe 27 Januari 2021 nilikuwa kwa mshonaji wetu kule Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, nangoja suruali ya mtoto. Redio ilikuwa juu ya meza, kati ya nyuzi na mkasi. Habari ilipofika, fundi alisimamisha mguu na mashine ikanyamaza: kura 367 za kumwangusha Waziri wa Kwanza Ilunga Ilunkamba, katika bunge lenye viti 500. Mama mmoja aliyekuja kuchukua kitambaa chake akauliza, “Lakini si ni bale bale balimuweka?”

Ndiyo, mama, ni wale wale. Bunge lililoipa serikali yake imani Septemba 2019 ndilo lililomtoa, na katikati hapo wananchi hatukuitwa kupiga kura. Kilichobadilika ni kwamba Desemba 2020 Rais Tshisekedi alivunja muungano wake na FCC, kundi la vyama vya Joseph Kabila, rais aliyemtangulia, na wabunge wengi wakahamia Union sacrée, muungano mpya wa Tshisekedi. Ilunkamba hakuwa na njia ya kuwazuia, kwa sababu si yeye aliyewaongoza kwenye uchaguzi. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2006 kinasema serikali ndiyo inayoweka siasa ya taifa, kwa kupatana na rais. Maneno mazito hayo, lakini hayakumsaidia siku ile.

Uingereza nako wananchi hawamchagui waziri mkuu moja kwa moja, ila yeye ndiye kiongozi wa chama chenye wabunge wengi. Anateua mawaziri, anawafukuza, na miswada ya serikali yake hupita kwa urahisi. Boris Johnson alishinda mwaka 2019 kwa wingi wa viti 80. Julai 2022 mawaziri wake wakaanza kujiuzulu mmoja baada ya mwingine, na baada ya siku chache naye akatangaza kuondoka. Liz Truss aliyemfuata alidumu siku 49. Wote wawili waliangushwa na watu wa chama chao. Kwa hiyo hata mwenye wabunge wake anatakiwa kuwachunga kila siku.

Lipo jambo lingine, na sisi wa Lubumbashi hatuna ruhusa ya kulisahau. Juni 1960 serikali ya Lumumba, waziri mkuu wa mwanzo kabisa wa Kongo, ilipata kura 74 katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 137. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu akatangaza redioni kwamba amemfuta kazi. Baraza likaukataa uamuzi huo, Seneti nayo ikasimama na Lumumba. Kwa hesabu ya bunge alikuwa bado waziri wa kwanza. Lakini tarehe 14 Mobutu akaingia na jeshi, na Januari 17, 1961, Lumumba akauawa karibu na mji wetu huu. Kura zote zile zinakuwa karatasi tu ikiwa mwenye bunduki hakubali kuzihesabu.

Kinachoniuma ni ukimya wa wabunge wetu. Wanapokuja Katuba au Kenya (mtaa wetu, si ile nchi) kuomba kura, wanaahidi barabara na maji, mambo ambayo ni kazi ya serikali. Kazi yao wenyewe ya kuiweka serikali hiyo na kuiondoa hawaitaji kabisa. Nikimpata mmoja kwenye mkutano mwakani au wakati wowote, nitamuuliza mbele ya watu: utampa nani imani yako, na ukimnyang'anya, utarudi hapa kutueleza sababu?

Msomaji wenu, Lubumbashi