Kibali cha kutiririsha majitaka ardhini: lodge ya vyumba 20 Bagamoyo

Mkuu, umeuliza kama septiki na shimo moja la kunyonya, jinsi fundi alivyokuchorea, vinatosha kupata kibali cha kutiririsha majitaka kwa lodge ya vyumba 20 Bagamoyo. Havitoshi. Tangi lako halina shida kubwa. Faili litakwamia kwenye mchanga na maji yaliyo chini yake, maana hayo ndiyo kibali kinayalinda.

Kwanza ofisi. Kibali hiki hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Bagamoyo ni Bonde la Wami/Ruvu, makao makuu Morogoro. Watu wengi wakishapata kibali cha ujenzi cha halmashauri hudhani wamemaliza. Hicho ni kitu kingine, na cheti cha mazingira kutoka NEMC, baraza la taifa la mazingira, nacho ni kingine. Kama una kisima, kibali cha kutumia maji kina ombi lake peke yake.

Sasa hesabu, maana kila kitu kinaanzia kwenye kiasi cha maji. Vyumba 20, wageni 2 kila chumba, lita 150 kwa mgeni: lita 6,000. Ongeza wafanyakazi, jiko na dobi, unafika kama lita 7,500. Asilimia 80 hurudi kama majitaka, yaani lita 6,000 kwa siku. Piga hesabu lodge ikiwa imejaa, usitumie wastani wa mwaka. Ukiandika kiasi kidogo ili ada ipungue, utajifunga mwenyewe: kibali kinataja kiwango cha juu, na mita ya maji itakuumbua.

Kwa kiasi hicho, septiki ya mita za ujazo 12, iliyogawanywa ndani vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili, inatosha. Jiko liwe na mtego wake wa mafuta kabla ya kuungana na bomba la vyoo. Lakini septiki nzuri hutoa maji yenye BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) ya miligramu 150 hadi 200 kwa lita, na kikomo cha TZS 860, kiwango cha Tanzania cha majitaka, ni 30. COD (oksijeni ya kuozesha uchafu wote kwa kemikali) ni 60, yabisi zinazoelea 100, pH kati ya 6.5 na 8.5. Hakuna septiki inayofika hapo peke yake, hata ukiijenga kubwa kama bwawa.

Kwa hiyo weka bustani ya matete baada ya septiki: kitanda cha kokoto za milimita 12 hadi 20, kina cha sentimita 60, sakafu isiyovuja, maji yakipita chini ya uso wa kokoto. Kushusha BOD kutoka 180 hadi 25 kwa lita 6,000, ukitumia kasi ya kusafisha ya tahadhari, mita 0.15 kwa siku, unahitaji kama mita za mraba 80. Kinachoua bustani hizi ni kokoto zisizooshwa na tope linalotoka septiki isiyonyonywa. Maji yakianza kusimama juu ya kokoto, jua pa kuingilia pameziba.

Hapa ndipo fundi wako alipokosea zaidi. Shimo la kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 2 lina ukuta wa mita za mraba 12.6 hivi. Kwa mchanga, weka lita 40 kwa mita ya mraba kwa siku: lita 500 tu. Wewe una 6,000. Suluhisho la mafundi wengi ni kuchimba chini zaidi, na pwani huko ni kumwaga majitaka ndani ya maji ya kisima moja kwa moja. Acha angalau mita 1.5 za mchanga mkavu kati ya kitako cha mfumo na maji ya chini, na kina hicho kipimwe masika, Aprili au Mei. Kipimo cha Septemba kitakudanganya.

Kinachofaa ni mifereji mifupi kwa kina: sentimita 60 chini, upana sentimita 60, mitano ya mita 25. Maji yaliyopita kwenye matete yanaruhusu lita 80 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 75 za mraba zinameza lita 6,000. Weka chemba ya kugawa yenye matoleo yaliyo sawa kabisa. Ikiinama kidogo tu, mfereji mmoja utabeba mzigo wote.

Kabla ya kuchora, pima unyonyaji: shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache liloe usiku kucha, asubuhi jaza tena upime dakika za kushuka sentimita 2.5. Zaidi ya 60, ardhi hainyonyi. Chini ya 1, maji yanapita bila kuchujwa. Fanya sehemu tatu tofauti za kiwanja. Mfumo uwe mita 60 au zaidi kutoka chanzo chochote cha maji, na pwani umbali huohuo kutoka baharini.

Sampuli za maji ya chini chukua kabla ya kujenga: juu na chini ya mwelekeo wa mtiririko. Bagamoyo mjini vyoo vya mashimo ni vingi, na naitreti huenda imo tayari. Bila kipimo cha awali, uchafu wote utahesabiwa wako. Naitreti ndiyo ya kuangalia, kwa sababu mchanga hauizuii. Sampuli za bakteria ziende kwenye chupa zilizotakaswa vijidudu maabara, ndani ya boksi la barafu, zifike siku hiyohiyo. BOD husomwa baada ya siku 5, kwa hiyo usiahidi majibu kesho.

Faili liwe na fomu, hati ya kiwanja, ramani yenye vipimo vya GPS, michoro iliyogongwa muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), taarifa ya maji ya chini, majibu ya maabara na cheti cha mazingira. Onyesha kwenye ramani visima vya majirani, hata vile visivyotumika. Mkaguzi akiviona mwenyewe uwanjani na havimo kwenye ramani, atatilia shaka namba zako zote.

Ukishapata kibali, soma masharti ya sampuli na ada za kila mwaka, weka daftari la mita, na ita gari la majitaka tope likifika theluthi ya kina cha tangi.