Usimwahidi pipi usizonazo

Safu iliyopita niligusia Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale wa Kiyahudi, na jinsi unavyoingia hadi jikoni na chumbani kwa watoto. Maswali yakamiminika. Mimi si Myahudi, ni msomaji tu wa vitabu vyao, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyasoma.

Mwanangu wa miaka 4 akilia namwambia nitamletea pipi. Ananyamaza, kisha anasahau. Mume wangu anasema nakosea. Kosa liko wapi? (Mama, Tanga)

Shemeji yuko sahihi, dada. Rabi Zeira alisema mtu asimwambie mtoto "nitakupa kitu" kisha asimpe, maana anamfundisha uongo. Akaikazia kauli yake kwa maneno ya nabii Yeremia kuhusu watu waliozoeza ndimi zao kusema uongo. Na nani kakwambia anasahau? Niliwahi kumwahidi mpwa wangu ubuyu nikapitiwa. Wiki nzima kila nikifungua geti alitazama mikono yangu kwanza, ndipo uso.

Mithali 13:24 inasema asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Wayahudi nao huchapa? Kijana wangu ana miaka 17, kiburi kimemjaa. (Baba, Dodoma)

Mzee wangu, aya hiyo ilikuwa yao kabla haijawa yetu, na hawakuifuta. Ila ona walivyoibana. Rav, rabi mashuhuri wa Babeli, alimwagiza mwalimu wa watoto, Shmuel bar Shilat: ukimpiga mtoto, mpige kwa kamba ya kiatu tu. Hebu chomoa ya kiatu chako ujichape kiganjani, uone. Akaongeza kwamba anayesoma atasoma, na asiyesoma akae na mwenzake. Yaani asifukuzwe, huenda akachota kwa jirani.

Kwa huyo wa 17 mambo ni mazito zaidi. Mjakazi wa nyumba ya Rabi Yehuda ha-Nasi, kiongozi wa Wayahudi wa zama zake, alimwona mtu akimpiga mwanawe aliyekwisha kuwa mkubwa, akatamka kuwa mtu yule anastahili kutengwa. Kwa nini? Torati inakataza kumwekea kipofu kikwazo, na kijana mkubwa akipigwa anaweza kurudisha ngumi, kosa ambalo katika Torati adhabu yake ni kifo. Mtego kautega baba mwenyewe. Aliyesema hayo ni mtumishi wa ndani, si rabi, na wanazuoni hawakuipuuza kauli yake. Mimi hapo ndipo kisa kinaponigusa. Weka fimbo chini, mzee. Mchukue mtembee wawili tu, jioni, na wewe uanze kwa kusikiliza.

Nina watoto 3. Mdogo namnunulia nguo nzuri zaidi kwa sababu anaongoza darasani. Wakubwa wananuna. (Mama, Eldoret)

Wana haki ya kununa. Talmudi inasema kwa kitambaa kizuri chenye uzito wa sarafu mbili tu, ambacho Yakobo alimzidishia Yusufu, ndugu zake walimwonea wivu, na mwishowe mababu wakajikuta Misri. Nunua sare.

Wajukuu wangu wanasinzia kwenye ibada ya nyumbani. Nifanyeje? (Bibi, Moshi)

Shikamoo bibi. Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi Rabi Akiva aligawa nafaka za kukaanga na kokwa ili watoto wasilale, wapate kuuliza. Maana usiku ule mtoto hakai kama gunia: ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mwingine. Fupisha sala, kaanga karanga.

Mwanangu anataka ufundi wa magari, mimi nataka chuo kikuu. Vitabu vyako vinasemaje? (Baba, Mwanza)

Vinakubana wewe, ndugu yangu. Baba ana orodha ya wajibu kwa mwanawe: kumtahiri, kumkomboa kwa kuhani akiwa mzaliwa wa kwanza, kumfundisha Torati, kumwoza na kumfundisha kazi. Rabi Yehuda (si yule mwenye mjakazi) akasema asiyemfundisha mwanawe kazi ni kama amemfundisha unyang'anyi. Gereji imo, tena bila kulazimisha maneno. Wengine wakaongeza jambo moja: kumfundisha kuogelea, kwa kuwa ndio uhai wake. Nawe unakaa kando ya Ziwa Victoria. Anajua kuogelea?