Vitu vya zamani vya kiume: tafuta fundi kwanza, soko baadae

Wengi wanaotaka kuanza kukusanya nguo na vitu vya zamani vya kiume huwa wananiuliza soko, niende Karume, nipande Memorial Moshi, wa Nairobi wanauliza Gikomba au Toi. Kiukweli soko sio shida, mtumba upo kila mahali, wewe wahi asubuhi marobota yanapofunguliwa basi. Mi nasema tafuta fundi kwanza. Fundi cherehani anayeweza kufumua koti na kulirudisha, fundi viatu anayeshona soli kwa uzi na sio gundi tu, na fundi saa mtu mzima mwenye lenzi jichoni na vikopo vya vipuri mezani. Ukishawajua hao watatu ndo uanze kununua, na ununue vile tu ambavyo wao wanaviweza. Mimi siamini katika kujaza kabati vitu visivyoguswa, koti lilishonwa livaliwe na saa ilitengenezwa itembee mkononi.

Tuanze na koti maana hapo ndo hela nyingi zinapotea. Achana na leibo kwanza, angalia mabega. Kiuno kitabanwa, mikono itafupishwa, ila bega likiwa pana kuliko lako liache hata kama kitambaa kimekuua, kushusha bega ni kama kushona koti upya na fundi mkweli atakwambia hivyo hivyo. Halafu shika sehemu ya mbele chini ya vifungo kwa vidole, mkono mmoja nje mwingine upande wa bitana, vuta taratibu vitengane. Ukisikia kuna tabaka la tatu linaelea katikati, hilo koti lina kanvasi ya kushonwa, litakaa miaka na kadiri unavyolivaa linashika umbo lako. Ukikuta la ndani limeng'ang'ania kitambaa cha nje ujue limebandikwa kwa gundi ya joto, na gundi ikishachoka kifua kinatoa malengelenge ambayo hakuna pasi itayatoa. Suruali nazo zigeuze ndani nje uangalie mshono wa nyuma kiunoni, za zamani nyingi ziliachiwa kitambaa cha akiba pale, kwa hiyo hata kama inabana kidogo fundi anaweza kuitanua.

Leibo sasa. Inasaidia kujua umri na inakukinga na maneno ya muuzaji. Alama ya Woolmark, ile ya kama uzi uliosokotwa, ilianza 1964, ukiiona basi hilo koti sio la miaka ya 50 hata mtu aape. Jinzi za Levi's, kile kitambaa kidogo chekundu chenye jina kilichoshonewa pembeni mwa mfuko wa nyuma kilikuwa na E kubwa mpaka 1971 ndo ikaja e ndogo, ila kampuni yenyewe inatoa matoleo mapya ya kuiga yale ya zamani na E kubwa inarudi, kwa hiyo E peke yake haitoshi, soma na leibo ya ndani. Na kama leibo imekatwa, chomoa kiuzi kimoja ndani ya mshono ukichome: sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha jivu linalosagika, poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Kwa sisi wa Dar hili jambo sio dogo, sufu nyepesi au kitani unavaa mpaka jioni vizuri tu, bleza ya poliesta yenye bitana nzima saa nne asubuhi ushalowa. Tweed nzito, kile kitambaa kinene cha sufu, waachie ndugu zetu wa Njombe na Mbeya.

Ila mtumba wa Ulaya usikusahaulishe vya kwetu. Mimi kipande ninachokiheshimu kuliko vyote ni Kaunda suti ya zamani, ile ya miaka ya 70 na 80 iliyoshonwa na fundi wa mtaani kwa vipimo vya mwenyewe. Jina limetoka kwa Mzee Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na kwa Tanzania ilikuwa vazi la mtu wa ofisini kabisa, haihitaji tai, inapitisha upepo, mifuko ya kutosha. Mwaka 2023 spika wa bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni na mi iliniuma, maana ni vazi la heshima lililobuniwa kwa hali ya hewa yetu na historia yetu. Hizi huzikuti kwenye robota, zipo kwenye masanduku ya wazee. Na hapo kuna adabu yake: unaenda unaamkia, unakaa, unamuuliza mzee habari za kazi zake za zamani, ukifika wakati wa kuomba unaomba, na akikutajia bei usimbane kama uko mnadani. Akikwambia ilishonwa wapi na alivaa siku gani andika kwenye karatasi uiweke mfukoni mwa koti, hiyo habari ina thamani kama koti lenyewe.

Saa. Anza na Seiko 5, zimeanza 1963, mafundi wetu wanazijua na vipuri vinapatikana. Kwenye mfuniko wa nyuma kuna namba ya mfululizo yenye tarakimu sita au zaidi, ya kwanza ni namba ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi, O ni Oktoba, N Novemba, D Desemba. Kwa hiyo ikianza 63 ni Machi ya mwaka unaoishia na 6, muongo gani sasa hapo unaangalia namba ya mashine, kwa mfano 7009 utakutana nayo sana na ni ya mwisho wa 70 na miaka ya 80. Hiyo haijazwi kwa kuzungusha kitufe, itikise mkononi uone kama inaondoka. Jihadhari na zile zenye uso unaong'aa rangi kali wakati kasha lote limechubuka, zimepakwa upya, nyingi zinatoka India, sio mbaya kuvaa ila usilipe bei ya uso wa asili. Na usioge nayo, mpira wa kuzuia maji wa miaka arobaini ushakauka.

Viatu ni kifupi tu: soli iliyoshonwa nunua, soli ya povu la plastiki acha hata kama kiatu kinaonekana kipya, ile soli inaoza yenyewe ikikaa na siku unavaa inasagika barabarani.

Kwa vitu vya nyumbani naangalia kitu kimoja tu, je kile kinachokifanya kifanye kazi bado kinauzwa? Taa ya chemli utambi upo, nunua. Mashine ya kunyolea ya chuma, zile Gillette za zamani, wembe wa bei ya chini dukani unaingia sawasawa, nunua, ichemshe kwanza na uisugue kwa mswaki na sabuni, utanyolea maisha yako yote. Karabai ni nzuri mno lakini kabla hujalipa ulizia vile vimfuko vya mwanga mtaani kwenu, vikikosekana utakuwa umenunua pambo.

Uhifadhi kwa pwani adui mkubwa ni ukungu kuliko nondo. Nguo usiiweke kwenye mfuko wa plastiki hata siku moja, ining'inize kwenye hanga pana, fungua kabati mchana, na kila ukitoka kuvaa koti liache nje lipumue usiku kucha kabla ya kulirudisha. Karafuu kwenye kitambaa zinasaidia harufu. Kofia za viua za zamani, zile za mkono kutoka Zanzibar na Lamu, zifue kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, usizikamue, zianike zimevikwa kwenye bakuli linaloendana na kichwa chako, kivulini, sio juani moja kwa moja.