Unataka kazi ya GS ng'ambo ukitoka jeshi? Rudi Marekani kwanza

Juzi kijana mmoja ameniandikia inbox, yuko Vilseck kule Ujerumani, karibu avue gwanda la US Army. "Kaka, nikitoka nataka nibaki huku huku nitafute GS, nishazoea na wife pia amepapenda. Nianzie wapi?" GS ni kazi za kiraia za serikali ya Marekani. Swali zuri bana, na nimelisikia mara nyingi sana, na wengi walioniuliza walikuwa wameshaamua jibu wanalotaka kusikia. Mimi namjibu hapa hapa ili na wengine wasome: anzia kwa kurudi Marekani.

Najua inauma. Mimi nilikuwa sajini wa supply, yaani ugavi wa vifaa, namba ya kazi 92Y, nimekaa Ujerumani mpaka naagiza mkate kwa Kijerumani bila aibu, halafu natoka jeshi narudi Texas kulala kwenye sofa ya binamu yangu. Mchana napakia maboksi kwenye godauni, usiku niko USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali, mpaka macho yanawasha. Wenzangu tuliotoka pamoja walibaki Kaiserslautern huko huko Ujerumani wakachukua kazi za kontrakta, yaani kampuni binafsi zenye mikataba na jeshi, kila wikendi picha, leo Paris kesho Prague. Mmoja akaandika kwenye grupu mbele ya watu wote kwamba mimi nimeogopa maisha. Wivu nilikuwa nao sitadanganya, na ile meseji bado naikumbuka neno kwa neno, ila leo mimi na yeye tuko Ujerumani hii hii, mimi nakaa nyumba inayolipiwa na serikali na yeye analipa kodi ya nyumba kwa mshahara wake. Sisemi kitu, nasema tu.

Siri yenyewe inaitwa LQA, posho ya nyumba. Serikali inakulipia kodi pamoja na umeme, maji na joto la nyumba mpaka kiwango fulani kulingana na grade yako, yaani ngazi ya kazi, na familia, na haikatwi kodi ya mapato. Sasa hii posho iliwekwa kumshawishi mtu aliye Marekani akubali kuhama. Wewe ukiwa tayari uko kule unaitwa local hire na hapo ndio maswali yanaanza. Wanakupa fomu inauliza ulifikaje nchi hii, nani alikuleta, tangu lini, ulifanya kazi na nani baada ya hapo, nani alikuwa na wajibu wa kukurudisha nyumbani. Mtu anayetoka jeshini na kuingia kazini moja kwa moja, haki yake ya kurudishwa Marekani bado haijatumika, anaweza kupita. Lakini weka kontrakta hapo katikati, hata kwa muda mfupi, basi mwajiri aliyekutoa Marekani si yule uliyetoka kwake jana, na hapo wengi wanakwama. Na kumbuka ng'ambo hakuna locality pay, ile nyongeza ya mshahara ya eneo unalofanyia kazi, kwa hiyo ukikosa LQA unabaki na mshahara wa msingi mkavu kwenye nchi ya euro.

Usifikirie ni stori. Mwaka 2013 Pentagon ilipitia mafaili ikakuta mamia ya wafanyakazi wake wa ng'ambo wanalipwa LQA bila kustahili, na waliokosea ni watu wa HR waliowaidhinishia. Watu walikuwa wameshapanga maisha yao juu ya hiyo hela, halafu wanaletewa barua ya deni. Kwa hiyo mtu wa HR akikwambia kwa mdomo "usijali utapata", mwambie aandike.

Halafu kuna SOFA, mkataba kuhusu majeshi ya kigeni yaliyoko nchini. Ile status inayokuruhusu kuishi Ujerumani kama mtu wa jeshi la Marekani inaisha ukitoka. Ukichukua kibali cha Kijerumani ukakaa na kufanya kazi zako, unaanza kuhesabika mkaazi wa kawaida, na hizo kazi za GS unazozitolea macho zinaweza kukupita kabisa, achilia mbali nyumba.

Haya, maombi yenyewe. Mimi nilikuwa naletewa majibu ya "eligible, not referred", maana yake unafaa lakini jina lako halijafika kwa bosi anayeajiri, mpaka nikachoka kufungua email. Kilichonitoa ni kuandika CV kwa lugha ya tangazo, sio ya kambini. Kambini tunasema "nilikuwa supply sergeant wa kampuni" na kila mtu anaelewa. Raia haelewi. Nikaandika nilisimamia vifaa vya thamani gani, vya watu wangapi, kwenye GCSS-Army, mfumo wa kompyuta wa vifaa vya jeshi, nikafanya inventory kila mwezi, nikafundisha askari wangapi. Nikaomba series 2010 na 0346, yaani kazi za inventory na za logistiki, baadaye nikaitwa. Siku hizi CV ni kurasa mbili tu, kwa hiyo medali zako za kukimbia ziache nyumbani.

Na pointi za veterani, zile anazoongezewa aliyetoka jeshi akiomba kazi, watu wanazitegemea kama mbeleko. Ofisi moja ilininyima zangu kwa sababu eti DD-214 yangu, cheti cha kutoka jeshini, haikuonyesha nilitokaje, na nilikuwa nimetuma kopi namba 4 yenye kila kitu, niliwapigia simu mpaka wakanifahamu sauti. Hawakuomba msamaha. Jua pia kwamba kwenye matangazo ya merit promotion, yale ya walio tayari serikalini, hizo pointi hazihesabiwi, sheria ya veterani ya VEOA inakufungulia mlango tu. VRA, njia nyingine ya kuajiri veterani, inakufikisha mpaka ngazi ya GS-11 bila mashindano ya kawaida, ila usipokuwa na ulemavu wa huduma au medali ya kampeni unayo miaka mitatu tu tangu utoke, kwa hiyo usikae ukijiambia utapumzika kwanza. Kama unastaafu kabisa na pensheni, sheria inakuzuia siku 180 kuingia kazi za kiraia za Pentagon mpaka upewe ruhusa maalum. Wewe wa Vilseck hii haikuhusu, unatoka tu, na unaweza kuanza kuomba hata kabla ya kutoka ukiwa na barua ya kikosi kwamba unatarajiwa kutoka ndani ya siku 120.

Kijana wangu, vijana wa siku hizi mnataka vitu haraka. Ukipata ofa ya awali usivunje mkataba wa nyumba, usiuze gari, usiwaambie wakwe. Mwaka 2025 serikali ilipofunga ajira Januari kuna watu walikuwa wameshafunga mizigo, ofa zikafutwa. Subiri ofa ya mwisho yenye LQA imeandikwa. Na ukiingia, nenda ulipie miaka yako ya jeshi kwenye FERS, pensheni ya wafanyakazi wa serikali, ni asilimia 3 ya basic pay uliyopata jeshini, ukichelewa zaidi ya miaka mitatu riba inaanza kupanda. Fomu ni SF 3108, ila kwanza omba jeshi likupe hesabu ya mishahara yako kwa RI 20-97, maana hiyo ndiyo huchelewa.