Kumuasili Mtoto wa Kambo Ukiwa Kambini Ujerumani: Mahakama Ipi Ina Mamlaka?

Mume wangu ni Mkenya aliyeingia jeshi la Marekani, na kazi yake ndiyo iliyotuleta Ujerumani pamoja na mwanangu niliyemzaa Nakuru kabla hatujaoana. Tulipokubaliana kwamba amuasili kijana huyo kisheria, kilichotusumbua kuliko karatasi zote kilikuwa kujua ni mahakama ipi inayoweza kulisikiliza shauri letu. Kwa kuwa akina mama wenzangu hapa kambini huniuliza jambo hilo hilo, nimeona niliandike.

Wengi huamini kwamba ukishapita geti la kambi umeingia Marekani, kwa kuwa humo dola zinatumika na shule ni za Kimarekani. Ardhi, hata hivyo, ni ya Ujerumani, na ndani yake hamna mahakama ya familia. Mwanasheria wa jeshi atakushauri bure na kuthibitisha saini zako, lakini hana uwezo wa kutoa amri ya kuasili. Huko Marekani kwenyewe kuasili kunaendeshwa kwa sheria za majimbo, kwa hiyo huna budi kupata jimbo litakalokupokea, au ufungue shauri katika mahakama ya Kijerumani.

Karatasi ya mshahara ya mume wangu inaonyesha kwamba makazi yake ya kisheria ni Texas, kama ilivyo kwa wanajeshi wengi, maana jimbo hilo halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Hayo ni makazi yake yeye. Kwa upande wa mtoto, sheria ya mfano ya mwaka 1997 kuhusu malezi, ambayo karibu majimbo yote yameipitisha, hutazama mahali alipoishi kwa miezi 6 mfululizo kabla ya shauri kufunguliwa, na huihesabu nchi ya kigeni kana kwamba ni jimbo. Sheria hiyo inasema wazi kwamba haisimamii kuasili, lakini inasimamia kufutwa kwa haki za mzazi, na ni nadra baba wa kambo kuasili bila haki za baba mzazi kufutwa kwanza. Bahati yetu ni kwamba kijana aliwahi kuishi nasi Killeen, Texas, kwa hiyo wakili alijenga hoja kwamba kuwapo kwetu Ujerumani ni kutokuwepo nyumbani kwa muda tu. Alitaka amri ya uhamisho yenye tarehe ya mwisho, ripoti za shule ya Killeen, kadi ya chanjo na mkataba wa nyumba tuliyopanga. Mahakimu hawakubaliani kuhusu hoja hii, na ndiyo maana namshauri yeyote ambaye hajasafiri afungue shauri kabla ya kuondoka. Ikiwa mtoto hajawahi kukanyaga jimbo lililo kwenye karatasi ya mshahara, mwombe wakili wa jimbo hilo maoni ya maandishi kabla hujamlipa ada ya shauri.

Mahakama ya Kijerumani ina mamlaka ikiwa anayeasili au mtoto anaishi nchini kwa kawaida. Maombi na ridhaa hupitia kwa mthibitishaji wa hati (notari), na tangu Aprili 2021 familia ya mtoto wa kambo hutakiwa kupata ushauri nasaha kwanza. Sisi hatukuifuata njia hiyo, hasa kwa sababu ya lugha.

Baba mzazi yuko Kenya, na ujumbe wa WhatsApp hauhesabiki kuwa taarifa ya mahakama. Texas hutaka hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya mashahidi wawili na mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Ndugu zake walihisi tunawanyang'anya mtoto, ikabidi mjomba wangu aende kuwaeleza, bila kuwaficha kwamba saini hiyo inamwondolea nafasi ya baba kisheria. Baba mzazi angekataa, tungelazimika kuleta ushahidi mzito ulio wazi, kiwango kilichowekwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982. Na kijana mwenyewe, akiwa amefikisha miaka 12, lazima aridhie.

Kama shida yako ni matibabu tu, usijichoshe: bima ya Tricare humhudumia mtoto wa kambo maadamu ndoa ipo. Kinachobadilika ni uraia. Mtoto wa kambo haupati kupitia baba yake wa kambo aliye raia wa Marekani, lakini aliyeasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, akalelewa na kuishi na mzazi huyo kwa miaka 2, na aliye na ukaazi wa kudumu, anaweza kuupata kabla ya kutimiza 18. Sheria ya Machi 2020 humhesabu mtoto anayeishi ng'ambo na mzazi mwanajeshi kana kwamba yuko Marekani. Ikiwa mtoto bado yuko Kenya, msikimbilie kuasili, kwa sababu mtaingia kwenye Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kutoka nchi moja hadi nyingine, ambao Kenya na Marekani zote ni wanachama. Kama mlioana kabla hajatimiza miaka 18, ombi la viza la mtoto wa kambo linatosha kumleta, na kuasili kutafuata akishafika.